Taa zinazokula tokeni zako ziko nje, Mwalimu

Swali

Mimi ni mwalimu mstaafu wa hisabati. Nina ploti ya ghorofa tatu huko Umoja, yenye wapangaji kumi na wawili, nami naishi nyumba ya chini. Mwaka juzi nilisikia kwamba taa za LED zinapunguza stima, nikabadilisha balbu zote sita za nyumbani kwangu. Zilizokuwapo zilikuwa enaji seva zile za kujipinda. Sikuona gharama ya tokeni ikipungua. Isitoshe, tatu kati ya hizo mpya zimekufa: moja ya bafuni iliyokuwa ndani ya bakuli la kioo, na mbili za sebuleni zilizokufa usiku mmoja. Ya chumbani nayo hubaki na mwanga hafifu hata nikizima swichi. Mita ya nje, ya ngazi na ulinzi, hunila karibu shilingi 15,000 kila mwezi. Huko kuna tyubu nane za futi nne, na taa mbili kubwa za halojeni za wati 500. Zote hulala zikiwaka. Kijana wangu anataka tubadilishe zote ziwe LED. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Je, kweli nitapata faida? Na mjukuu wangu wa gredi ya saba anauliza ni vipi taa isiyochoma mkono ikang'aa kuliko ile inayochoma. Nimeshindwa kumjibu.

Jibu

Mwalimu, nimefurahi kwamba ulifundisha hisabati, maana swali lako kubwa linajibiwa kwa kuzidisha tu: wati mara saa. Uniti moja ya stima ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Balbu ya LED ya wati 9 ikiwaka saa tano kila jioni kwa siku 30 itakula uniti 1.35. Enaji seva ulizozitoa zilikuwa za wati 14 hivi, nazo kwa saa hizo hizo zilikula uniti 2.1. Tofauti yake ni robo tatu ya uniti kwa balbu moja, mwezi mzima. Kwa balbu sita ni uniti nne na nusu. Tukikadiria uniti moja kwa shilingi 30, kodi na tozo zikiwa ndani, umeokoa shilingi 135 kwa mwezi. Na hapo nimechukulia kwamba zote sita zilikuwa zikiwaka saa tano, jambo ambalo kwa balbu ya bafuni halitokei.

Pima hesabu hiyo na shawa ya umeme, kama unayo. Shawa ya wati 5,000 ikifunguliwa dakika kumi inakula uniti 0.83. Watu wawili wakioga asubuhi moja tu, wameshapita balbu ya sebuleni ya mwezi mzima. Ndiyo maana hukuona kitu kwenye tokeni. Hukudanganywa, ulianza na taa ambazo tayari zilikuwa na tumbo dogo. Ungekuwa umetoa balbu za zamani za waya, zile za wati 60, kila moja ingekuwa inakula uniti 9 kwa mwezi kwa saa zile zile tano, na ungeiona tofauti kabla ya wiki mbili kwisha.

Sasa tutoke nje. Nairobi iko karibu mno na Ikweta, kwa hiyo usiku wetu haurefuki wala haufupiki wa kusema: mwaka mzima giza linaingia karibu saa kumi na mbili na nusu jioni na kutoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, dakika chache huku au kule. Taa inayolala ikiwaka ni taa ya saa 12 kila siku ya Mungu. Huko ndiko LED inakolipa.

Halojeni zako mbili ni wati 1,000 kwa pamoja. Zinakula uniti 12 kila usiku, uniti 360 kwa mwezi, yaani shilingi 10,800. Tyubu ya futi nne imeandikwa wati 36, lakini choki yake, kile kifaa cha chuma kinachodhibiti stima ya tyubu, nayo inakula wati nane hadi kumi juu ya hizo, kwa hiyo mimi huihesabu 45. Nane ni wati 360. Kwa saa 12 zinakula uniti 4.32, na kwa mwezi karibu uniti 130, shilingi 3,900. Jumlisha: uniti 490, shilingi 14,700. Hizo ndizo elfu kumi na tano zako, na nilipoona hesabu imekubaliana na ulichoandika nilifarijika, kwa sababu ina maana hakuna mtu aliyejiunganishia waya kwenye mita yako ya nje. Katika ploti nyingi nilizoitwa, hesabu hiyo haikukubaliana.

Weka tyubu nane za LED za wati 18: uniti 52 kwa mwezi. Weka taa mbili za LED za wati 50 mahali pa halojeni: uniti 36. Jumla yake ni 88, shilingi 2,640. Umeokoa shilingi 12,060 kila mwezi. Hata ukinunua vitu vya bei nzuri, ukalipa fundi wa kueleweka kwa siku mbili, mimi naona pesa zako zitakuwa zimerudi ndani ya miezi miwili, ukiwa mzembe sana mitatu.

Kuna faida nyingine iliyojificha. Tangu Aprili 2023, bei ya stima ya majumbani Kenya imegawanywa madaraja matatu: wanaotumia hadi uniti 30 kwa mwezi, wa kati ya 30 na 100, na wanaopita 100. Kila daraja lina bei yake ya uniti, na la juu ndilo ghali. Ikiwa mita yako ya nje imeandikishwa kama ya nyumbani, sasa uko juu kabisa, na ukishuka hadi 88 unaingia daraja la kati. Lakini daraja hupangwa kwa wastani wa miezi mitatu iliyopita, kwa hiyo mwezi wa kwanza uniti zitapungua ilhali bei ya kila uniti itabaki ile ile. Usivunjike moyo. Subiri wastani ushuke.

Tena si wewe peke yako unayefaidi. Stima yetu nyingi hutoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo, lakini jioni kila mtu akifika nyumbani na kuwasha, mitambo ya mafuta nayo huingizwa kazini. Gharama ya mafuta hayo tunaiona kwenye risiti ya tokeni kama tozo. Taa ni mzigo wa jioni hasa, kwa hiyo kila wati unayoiondoa unaiondoa saa ile stima yetu ilipo ghali kuitengeneza.

Kwa mjukuu wako, mwambie hivi. Balbu ya zamani haitengenezi mwanga, inatengeneza moto. Stima inapita kwenye uzi mwembamba wa metali iitwayo tungsteni, uzi unafika joto la zaidi ya nyuzi 2,000 za Selsiasi, na kwa kuwa kitu chenye moto mkali sana hung'aa, tunapata mwanga kidogo pembeni. Katika kila wati 100, karibu 95 huishia kuwa joto. LED haipitii kwenye moto. Ndani yake mna kipande cha semikondakta, yaani kitu kinachopitisha stima kwa kiasi tu, kidogo kuliko punje ya mchele, na elektroni zinapovuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili hushuka ngazi ya nishati, na ile nishati zinayoiacha hutoka moja kwa moja ikiwa mwanga. LED ya kwanza yenye mwanga wa kuonekana kwa macho ilitengenezwa Marekani mwaka wa 1962 na Nick Holonyak, nayo ilikuwa nyekundu. Kwa miaka karibu 30 hapakuwa na ya buluu yenye nguvu, na bila buluu huwezi kupata nyeupe. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, wote wazaliwa wa Japani, ndio waliofaulu, wakapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka wa 2014. Akitaka kuona ushahidi, mpe balbu yenu iliyokufa, aitoe kofia nyeupe ya plastiki. Ataona vidoa vya manjano vimepangwa kwenye kibati cha alumini. Mwanga unaotoka chini ya kila kidoa ni wa buluu. Unga wa manjano uliopakwa juu yake hugeuza sehemu ya buluu hiyo, na mchanganyiko wake machoni mwetu ni mweupe.

Mwombe atazame vizuri zaidi. Huenda akaona kidoa kimoja kina nukta nyeusi katikati, kama kimechomwa na sindano ya moto. Hicho ndicho kilichoua balbu nzima. Vidoa vimeunganishwa kwa mstari mmoja kama shanga, kimoja kikikatika njia ya stima imekatika, vyote vinazima ingawa vingine ni vizima kabisa. Na kama vyote ni visafi, basi kilichokufa ni kisaketi kilichomo kwenye kitako, ambacho mafundi tunakiita draiva.

Sasa nafika kwenye jambo linaloniuma zaidi katika kazi hii, maana watu wengi huacha LED kwa sababu yake. Karibu kila LED iliyokufa mapema ambayo nimeifungua iliuawa na kimoja kati ya viwili: joto au nyutro, ule waya wa kurudisha stima.

Joto kwanza. Nimesema LED haipitii kwenye moto, lakini zaidi ya nusu ya stima inayoingia bado hugeuka joto, na joto hilo haliendi mbele pamoja na mwanga. Linabaki nyuma, kwenye kitako, pale pale draiva ilipo. Ndani ya draiva mna kapasita, kikebe kidogo chenye majimaji, na majimaji hayo hukauka polepole kadiri joto linavyozidi. Balbu iliyofungiwa ndani ya bakuli la kioo haina pa kupumulia. Ile ya bafuni kwako ilikufa kwa kuchemka. Ama ondoa bakuli kama maji hayafiki hapo, ama nunua taa ya LED iliyotengenezwa ikiwa nzima na kifuniko chake, ile ya duara inayofungwa darini, ambayo kibati chake kinatoa joto kwa mgongo. Na usiweke wati 15 mahali ambapo 7 zinatosha. Bafu la ploti ni dogo.

Nyutro ni jambo zito zaidi, na hapa nakuomba usome taratibu. Umesema balbu mbili za sebuleni zilikufa usiku mmoja. Balbu moja ikifa, ni balbu. Mbili zikifa pamoja, mimi huacha kuzitazama balbu na kwenda kutazama mita. Ploti kubwa kama yako kwa kawaida huletewa stima ya fezi tatu, yaani nyaya tatu zenye stima, na nyumba hugawiwa: hizi fezi hii, zile fezi ile. Zote hurudisha stima kwa waya mmoja wa nyutro. Waya huo ukilegea kwenye skrubu yake, nyumba za fezi tofauti hujikuta zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe, zikigawana volti 415 bila haki: yenye mzigo mdogo inapata nyingi, yenye mzigo mkubwa inapata chache. Niliwahi kuitwa kwenye ploti moja ya Eastlands saa mbili usiku. Nyumba ya ghorofa ya pili taa zilikuwa nyeupe za kuumiza macho, na mita yangu ilisoma volti 290. Ya jirani, ambako mama alikuwa anapiga pasi, taa zilikuwa hafifu kama za mshumaa: volti 120 na kitu. Nilipofungua boksi kuu, skrubu ya nyutro ilizunguka kwa kidole. Ngozi ya waya pale ilikuwa imegeuka rangi ya kahawa na kunuka plastiki iliyoungua. Usiku ule zilikuwa zimekufa balbu tisa, dekoda mbili na friji moja. Watu walikuwa tayari wanamlaani mwenye duka aliyeuza balbu.

Waulize wapangaji wako kama usiku ule ule walipoteza kitu. Waulize pia kama taa zao huongezeka na kupungua mwangaza jirani akiwasha pasi au koili. Jibu likiwa ndiyo kwa lolote kati ya hayo, usinunue hata balbu moja kabla fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, hajakaza na kupima nyutro yote ya boksi yako. Tatizo likiwa kabla ya mita, upande uliofungwa kwa sili, hapo ni pa Kenya Power. Piga ripoti, na mtu yeyote asikate sili hiyo hata akisema ana uzoefu. Nyutro iliyolegea huunguza nyumba.

Ile ya chumbani inayobaki na mwanga hafifu haina hatari ya namna hiyo, lakini ina habari. Mara nyingi maana yake ni kwamba aliyevuta waya alipitisha nyutro kwenye swichi badala ya laivu, waya unaoleta stima. Ukizima, laivu inabaki imefika kwenye holda, na stima kidogo sana inavuja kupitia kuta na nyaya. Balbu ya zamani isingeonyesha, lakini LED inatosheka na kidogo mno hata inang'aa. Kinachonisumbua ni kwamba siku utakapopanda kiti kubadilisha balbu ukiamini umezima, holda ina stima kamili. Fundi atageuza waya mbili na kumaliza kwa nusu saa. Ikiwa taa hiyo ina swichi mbili, ya mlangoni na ya kitandani, mwanga huo waweza kutokana tu na nyaya ndefu zinazokwenda sambamba. Hapo hakuna kosa, ila apime ahakikishe.

Turudi kwenye ngazi. Simama chini ya tyubu moja usiku wakati watu wamelala na utasikia inavuma, nnnn, bila kukoma. Huo si mlio wa tyubu. Ni choki, tofali dogo la chuma na shaba lililofichwa nyuma, linatetemeka na kupata joto. Ukilipapasa baada ya saa kadhaa utatoa mkono haraka. Nimefungua nyingine zimetoa lami nyeusi ikatiririka ndani ya kibati. Unaponunua tyubu za LED, nyingine huja na stata bandia (stata ni kile kikopo kidogo cha kuwashia tyubu), uambiwe utoe stata ya zamani, utie hiyo, uache choki ilipo. Taa itawaka, lakini stima bado inapitia kwenye choki na bado inakula. Mwambie fundi atoe choki na stata kabisa. Choki nane zina shaba ndani yake na zina bei kwa wanunuzi wa chuma chakavu, kwa hiyo kubalianeni mapema ni za nani.

Halafu kuna jambo ambalo muuzaji hatakuambia usipouliza. Tyubu za LED ziko namna mbili, na kwa macho zinafanana. Kuna ambazo laivu na nyutro zote mbili huingia ncha moja, pini za ncha ya pili zinashika tu. Na kuna ambazo laivu huingia ncha hii na nyutro ncha ile. Fundi akifunga kibati kwa namna ya kwanza, kisha mwaka ujao keateka akanunua tyubu ya namna ya pili na kuipachika, inaweza kupiga shoti pale pale mikononi mwake. Nunua zote nane za namna moja, pamoja na mbili za akiba, na ndani ya kila kibati fundi abandike karatasi yenye maandishi makubwa: LED TU, STIMA UPANDE HUU. Tyubu ya zamani isirudishwe humo kamwe. Na wakati wa kupachika breka izimwe, kwa sababu kwa zile za namna ya pili ukiingiza ncha moja kukiwa na stima, pini za ncha iliyo mkononi mwako zaweza kukurusha.

Kuhusu halojeni, nataka niwe mkweli kwako. Madukani utaambiwa LED ya wati 50 ni sawasawa na halojeni ya 500. Ukipima mwanga wote unaotoka, si kweli. Ungehitaji wati 80 hadi 100 kufikia. Lakini halojeni humwaga mwanga huku na huko, hata kwenye ukuta wa jirani na mbinguni, ilhali LED huutuma mbele tu. Kwa uwanja wa ploti, geti na kamba za nguo, 50 inatosha ikiwa imeinamishwa vizuri kuelekea chini. Anza na moja kwa wiki moja, muulize mlinzi. Ongeza fotoseli, kile kijicho kinachowasha giza likiingia na kuzima kukikucha. Nimeona halojeni ngapi zikiwaka saa nne asubuhi kwa sababu keateka alikwenda sokoni! Saa tatu na nusu za ziada kwa halojeni zako mbili ni uniti tatu na nusu, shilingi 105 zimekwenda na jua.

Ukienda barabara ya Luthuli mjini kununua, usiulize wati kwanza. Uliza lumeni, ndiyo kipimo cha mwanga. Balbu nzuri ya wati 9 itakuwa na 800 hivi, karibu sawa na ile ya waya ya wati 60. Ikiwa boksi halijaandika lumeni kabisa, lirudishe. Shika balbu mkononi: nyepesi kama ganda la yai mara nyingi haina alumini ya kutosha ya kuondoa joto. Tazama volti zilizoandikwa kwenye kitako. Stima yetu ni 240 lakini inapanda na kushuka, kwa hiyo ile iliyoandikwa 85 hadi 265 itavumilia kuliko ya 220 hadi 240. Muuzaji akiiwasha, ielekezee kamera ya simu kwa karibu. Ukiona mistari myeusi inatembea kwenye kioo cha simu, draiva yake ni duni na macho ya mjukuu yatachoka akisoma. Tafuta alama ya KEBS, shirika la viwango. Kisha ukifika nyumbani, kabla ya kuifunga, andika tarehe kwenye kitako kwa kalamu ya wino usiofutika na uhifadhi risiti. Wauzaji wengi hutoa garantii ya mwaka au miwili, na wateja karibu wote huipoteza kwa kukosa tarehe. Ahadi ya saa 15,000 ni zaidi ya miaka mitatu kwa taa ya ngazi, na zaidi ya miaka minane kwa ya sebuleni.

Rangi ni hiari yako. Nairobi tumezoea nyeupe kali, 6500 kwenye boksi, na kwa ngazi inafaa. Chumba cha kulala ningeweka 3000, ya manjano kidogo. Hutuliza, na wadudu huifuata kidogo kuliko nyeupe. Na kama kuna mpangaji anayefuga vifaranga chini ya balbu ya zamani, mwache nayo. Yeye ananunua lile joto.

Tyubu nane utakazotoa, pamoja na enaji seva kama bado unazo, zina zebaki ndani, kidogo lakini ni sumu. Usimruhusu mtu kuzivunja ili zienee kwenye pipa. Ziweke ndani ya makatoni ya tyubu mpya na uzipeleke kwa mkusanyaji wa taka za kielektroniki mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, Nairobi wapo. Moja ikivunjika, fungua madirisha, watoto watoke dakika kumi na tano, kisha okota vipande kwa karatasi ngumu na tepu, bila kufagia. Kwa sababu ya zebaki hiyo, nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana mwaka wa 2023 kwamba tyubu hizi zisitengenezwe wala kuingizwa nchini baada ya 2027. Hata usipobadilisha sasa, siku si nyingi utakosa za kununua.

Kwa hiyo kama ni mimi, ningemleta fundi wa nyutro kwanza, wiki hii. Baada yake halojeni mbili, maana ndizo zinazokula zaidi ya theluthi mbili ya pesa zako na kuzibadilisha ni kazi ya asubuhi moja. Tyubu zifuate mwisho wa mwezi, pesa za halojeni zikiwa zimeanza kurudi. Za nyumbani ziache hadi zife zenyewe.

Na kabla fundi hajagusa kitu, leo jioni taa za nje zikiwaka tu, soma uniti zilizobaki kwenye mita ya nje na uziandike. Soma tena kesho zikizima. Nadhani utapata zimepungua 16 na kitu. Rudia hivyo usiku wa kwanza wa LED za ulinzi, na usiku wa kwanza wa tyubu mpya, kisha mpe mjukuu daftari achore grafu. Usiku wa mwisho ukizidi uniti tatu, niandikie tena, na uniambie namba zote tatu.